Msimwoshe Mpaka Nifike

Hapa Kibiti ukimtaja Zuhra siku hizi, hukosi mtu wa kukuambia, "Yule aliyeshindwa hata kumwosha bibi yake? Si ndiye anayejifanya mtaalamu wa mawasiliano?" Kisha wanacheka. Mimi nikiwasikia, hasira zinanipanda mpaka nakosea kupanga karatasi kwenye mashine. Natamani nimkamate mmoja wao, nimkalishe kwenye benchi la dukani kwangu, nimsimulie mpaka aombe maji ya kunywa. Kwa kuwa siwezi kuwakalisha wote, nimeamua kuandika.

Naitwa Mwanamina. Nina stesheneri kando ya barabara kuu. Napiga fotokopi, nauza madaftari, natoa picha za pasipoti zinazomfanya kila mtu afanane na mtu aliyekamatwa. Nyuma ya duka kuna chumba nilichokuwa naweka maboksi ya karatasi. Zuhra alipomaliza chuo Dar akarudi huku, alikuja kuniomba chumba kile awe anafanyia kazi ya kompyuta. Nikamuuliza, "Kompyuta za kufanya nini Kibiti?" Akaniambia anataka watu wa visiwani wasikike. Nikamcheka, lakini maboksi niliyatoa.

Nilimpenda kwa kitu kimoja. Sisi watu wa huku, mtu akiulizwa kwa simu yuko wapi, husema "nimeshafika", naye ndiyo kwanza anatafuta kiatu uvunguni. Hatuoni kama ni uongo. Ni kumpoza mwenzio roho asihangaike. Zuhra hakuwa na adabu hiyo kabisa. Ukimuuliza umekula, naye tonge la mwisho liko mkononi, atakujibu, "Bado." Nilikuwa namtania kwamba kwa tabia hiyo hatapata mume, maana hata siku ya harusi yake kadhi akiuliza kama amekubali atamwambia angoje kidogo.

Tabia hiyo aliitoa kwa bibi yake, Bi Mwanamkuu wa Mbwera, kule visiwani, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Bi Mwanamkuu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa kisiwani, mtumbwi ulitumwa kumfuata yeye kabla hata sanda haijatafutwa. Zuhra alianza kwa kumshikia kata ya maji, baadaye akafundishwa kazi yenyewe: anza upande wa kulia, maji yasiwe ya moto wala ya kutia baridi, mwili usiachwe wazi, na ulichokiona pale kisitoke nawe nje. Bibi alikuwa akimwambia, "Mwosha huoshwa, mjukuu wangu. Na mimi utaniosha wewe. Mkono wako mwepesi. Hawa wengine wanasugua kama wanatoa ukoko kwenye sufuria."

Zuhra alimkubalia. Bibi akamuuliza, "Na ukiwa mbali?" Akamjibu kwamba atatuma habari wamngoje.

Jibu hilo si dogo kwa watu wa Mbwera. Kitongojini kwao maiti hacheleweshwi, ila kuna ruhusa moja tu: mtoto akituma habari kwamba yuko njiani, wanampa maji yanayofuata, yaani bahari ikupwe na kujaa tena ili boti yake iweze kuingia. Asipotuma habari, hakuna wa kumngoja. Asiyekuwepo na lake halipo. Na habari za kwenda visiwani zinapotea kweli kweli. Mnara leo upo kesho umezimika, na aliyepewa salamu akifika kule anakumbuka kila kitu isipokuwa salamu. Hapo ndipo Zuhra alipopata wazo la programu yake. Akaiita Wito.

Wito ilikuwa hivi. Kwenye kila bandari ndogo ya delta kuna mtu mmoja anayeaminika mwenye simu yenye Wito. Mbwera ni Bi Mwanabibi, muuza maandazi pale boti zinapofungwa. Ukituma ujumbe kutoka Kibiti, unaingia kwenye simu yake pindi mtandao unapopatikana. Anausoma kwa sauti, maana pale siri haina kazi, na anayehusika asipokuwepo anaitwa. Bi Mwanabibi akishausoma anabonyeza *Nimesikia*. Hapo ndipo kwenye simu yako inawaka alama ya kijani na neno *Umesikika*. Kabla ya hapo ni duara linazunguka, na chini yake *Bado*. Sheria ya Zuhra ilikuwa hiyo moja: kijani kisiwake mpaka binadamu wa upande wa pili abonyeze kwa kidole chake.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Twalha, kijana wa kijiji cha Mkongo aliyesoma naye chuo. Nisimsingizie, alikuwa na mdomo mtamu na mimi mwenyewe nilimpenda. Akiingia dukani alipiga kelele "Wenyewe!" hata kama nimekaa mbele ya macho yake. Walikula sahani moja, wakagombana juu ya kipande cha mwisho cha samaki kama ndugu wa tumbo moja. Zuhra alikuwa akisema, "Twalha nikimwachia kazi, nalala." Nayaandika maneno haya na meno yananiuma.

Sasa lazima niwaeleze kidogo mambo ya kompyuta, nanyi mnivumilie kama mimi nilivyovumilia. Wito imeandikwa kwa JavaScript. Siku moja Zuhra alinieleza hivi:

"Dada Mwanamina, ukimtuma mtu sukari, wewe unabaki unafanya nini?"

"Nawasha jiko. Nikae nimkodolee macho barabara?"

"Sawasawa. JavaScript ndivyo ilivyo. Inatuma, kisha inaendelea na kazi nyingine. Yule aliyetumwa anaacha kitu tunakiita promisi: ama atarudi na sukari, ama atarudi kusema duka limefungwa. Lakini kuna kazi moja huwezi kuifanya kabla hajarudi."

"Kumkaribisha mgeni chai."

"Basi hapo tunaandika neno *await*. Maana yake simama hapa, mngoje kwanza. Ukilikosa neno hilo, programu inammiminia mgeni chai isiyo na sukari na kumwambia karibu, ni tamu."

Ili programu isije ikafanya hivyo, wanaandika testi, yaani programu ndogo za kuichunguza ile kubwa. Kulikuwa na testi moja ambayo Zuhra aliithamini kuliko zote. Mashine inajifanya mnara umezimika, inatuma ujumbe, halafu inakagua kama kijani kimewaka. Kikiwaka, testi inakuwa nyekundu na kazi inasimama. Kila walipobadilisha kitu waliziendesha testi zote, na zikipita Twalha alikuwa akirusha mikono juu, "Kijani tupu!"

Wakaja wageni wa shirika moja kutoka Dar, waliotaka kuiona Wito kabla ya kuamua kuisaidia. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzito. Ujumbe ukatumwa Mbwera, duara likazunguka, likazunguka. Mgeni mmoja akaangalia saa, mwingine akaniuliza bei ya kalamu. Zuhra akasema kwa utulivu, "Bado haujasikika. Ukisikika itasema." Wageni wakaaga wakasema watarudi. Twalha uso ulikuwa umemshuka kama aliyemwagiwa maji.

Waliporudi, Zuhra hakuwepo. Bibi yake alikuwa ameanza kuugua, naye alikwenda Mbwera kumuuguza. Twalha ndiye aliyewapokea. Nilikuwa pale na niliona kwa macho yangu: ametuma ujumbe, hajanyanyua hata kidole, kijani hiki hapa. Wageni wakapiga makofi. Nikamwambia, "Mashallah, siku hizi Bi Mwanabibi ana mbio." Akacheka.

Bibi alipopata nafuu Zuhra akarudi kazini. Akamuuliza Twalha wepesi ule umetoka wapi. Twalha akasema alipunguza mizigo tu, mistari ya programu ilikuwa na takataka nyingi. Zuhra akaziendesha testi zote. Kijani tupu. Akamshukuru. Nani angefanya vinginevyo?

Bi Mwanamkuu alifariki alfajiri moja, ghafla, wakati kila mtu anaamini amepona. Aliyetuletea habari ni Mtoro, mwenye boti wa Mbwera, aliyekuwa ametoka na maji ya asubuhi kwenda Dar kutafuta kipuri cha injini. Alipiga simu akiwa Bungu.

"Zuhra, dada yangu, pole sana. Bibi ametutoka."

Zuhra alikaa chini kwenye boksi la karatasi. Nikaichukua simu mimi. Mtoro akasema mnara wa kwao umezimika tangu jana, ndiyo maana Zuhra hakupigiwa simu. Ami yake Zuhra, Ami Shaabani, amepanga mazishi baada ya adhuhuri, ila akipata habari kwamba Zuhra yuko njiani atamwachia maji ya jioni. Akaongeza, "Saidy yuko bandarini Nyamisati na boti yake, anaelekea Kiongoroni. Akichukua bodaboda sasa hivi, Saidy atampitisha Mbwera. Lakini maji yanatoka, afanye upesi."

Nikampigia Saidy. Akakubali kungoja kidogo.

Zuhra alikwisha simama. Kabla ya kufunga mtandio akaandika kwenye Wito: *Ami, nakuja na maji ya jioni. Msimwoshe bibi mpaka nifike. Zuhra.* Alifanya hivyo kwa tahadhari tu, kama Saidy akiondoka kabla yake. Hata hajamaliza kufunga mtandio, kijani kikawaka. *Umesikika.*

Aliiangalia ile alama, akashusha pumzi. "Mnara umerudi, alhamdulillahi. Bi Mwanabibi amesoma." Nikamwambia Mtoro kasema umezimika. Akanijibu, "Dada, hiki kijani hakiwaki bila kidole cha mtu. Nimekiweka mwenyewe." Akampigia Saidy, "Kaka, usijikwamishe kwenye tope kwa ajili yangu. Nimesikika, wananingoja."

Saa zile tulizozipata tulizitumia vizuri, au tulidhani hivyo. Bibi alikuwa hapendi karafuu maiti ya duka la kisiwani, akisema imekaa mpaka imesahau harufu. Tukazunguka Kibiti nzima kutafuta iliyo mpya, tukachukua pamba safi na marashi ya waridi. Nikafunga duka nikaandamana naye. Njiani kwenda Nyamisati alikuwa analia kidogo kidogo, huku ananiambia namna atakavyoanza, nywele atazisuka namna gani. Alikuwa na huzuni, lakini alikuwa ametulia.

Tuliposhuka Mbwera jioni, Bi Mwanabibi alituona akaweka mkono mdomoni.

"Zuhra! Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema, mama. Ulisoma."

"Nimesoma wapi? Simu hii iko kimya tangu jana."

Zuhra akamwonyesha kijani. Bi Mwanabibi akakitazama, akakitazama kidole chake mwenyewe, akasema, "Mimi sijabonyeza."

Walikwisha mzika. Udongo ulikuwa bado mbichi. Waliomwosha ni wale wale wanaosugua kama wanatoa ukoko. Zuhra alisimama pale kaburini na mfuko wa dukani mkononi, na ule mfuko ndio ulionitoa mimi machozi. Ami Shaabani alikuja akasimama mbali naye kidogo. Ni mtu wa maneno machache, na afadhali angebaki nayo.

"Tulingoja habari mpaka adhuhuri ikapita. Nikawaambia jamaa, Zuhra angekuwa anakuja angetuma habari. Si ndiye mwenye kiwanda cha habari?"

Zuhra akamwonyesha simu. Ami akaitazama bila kuishika. "Simu yako, programu yako. Ukitaka iseme kijani, itasema kijani. Bi Mwanabibi tunamjua miaka yote, hajawahi kutuficha neno."

Hapo ndipo aliponaswa. Kama kijani ni cha kweli, basi Bi Mwanabibi ni mwongo. Kama Bi Mwanabibi ni mkweli, basi mwongo ni fundi aliyeitengeneza alama, akaipaka kwenye simu yake baada ya kuchelewa ili afiche aibu. Watu walichagua, na sikushangaa walivyochagua.

Siku ya pili ya matanga Twalha akaja. Alikaa mkekani na wanaume, uso wa msiba kamili, akapokea kahawa. Ami Shaabani akamuuliza mbele ya watu, "Hebu wewe mwenzake tueleze. Kitu chenu kina tatizo?"

Twalha akashika kikombe kwa mikono miwili. "Hapana, ami. Tumekipima. Testi zote zimepita."

Nilimsikia kwa masikio yangu, nimekaa upande wa wanawake nyuma ya pazia la kanga. Zuhra alikuwa ubavuni pangu. Alishika tu goti langu. Wakati ule wote wawili tulidhani kijana anasema anachokijua.

Tuliporudi Kibiti, Zuhra alilala siku kadhaa. Asubuhi aliyoamka alifungua laptopu yake chumbani nyuma, mimi nikamletea chai, nikabaki kwa sababu sura yake haikunipa ruhusa ya kuondoka. Aliziendesha testi. Zote kijani. Akatoa laini kwenye simu, akazima mtandao kabisa, akatuma ujumbe wa majaribio kwenda Mbwera.

*Umesikika.*

"Nimesikika na nani?" akaiuliza ile simu.

Akaanza kuandika alama ndogo ndani ya programu, kila hatua ijitaje inapopita. Akatuma tena. Kwenye kioo zikaja kwa mpangilio: *nimetuma*, kisha *nimewasha kijani*. Tukangoja ije hatua ya *jibu limefika*. Haikuja. Programu ilikuwa imemwacha yule iliyemtuma barabarani na kumkaribisha mgeni chai. Zuhra akashuka kwenye mistari mpaka mahali ujumbe unapotumwa, akanionyesha kwa kalamu. Neno *await* halikuwepo. "Lilikuwa hapa," alisema. "Niliandika mimi."

Lakini testi je? Ile ya mnara kuzimika ingepaswa kupiga ukelele siku hiyo hiyo. Zuhra akaifungua, akaisoma. Halafu akafanya kitu ambacho hata mimi wa fotokopi nilikielewa. Ndani ya ile testi, pale inapokagua, akafuta maneno yaliyokuwepo akaandika kwamba moja ni sawasawa na mbili. Akaiendesha.

Kijani.

"Imekubali uongo," nikasema.

"Haikukubali wala haikukataa. Haikungoja kuona." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Inamtuma mkaguzi, halafu inafunga ofisi na kuandika kwamba wote wamefaulu. Mkaguzi akirudi anakuta mlango umefungwa." Akashuka tena kidogo. Kulikuwa na mahali programu inapopokea makosa, pale ambapo kama ujumbe umeshindwa kufika inabidi iseme. Palikuwa pameachwa wazi, hamna kitu ndani. Kosa likija, linamezwa, hamna anayeambiwa.

Alikaa anaitazama ile nafasi tupu muda mrefu. Chai ikapoa.

"Dada, *await* moja mtu anaweza kuisahau," alisema. "Mimi mwenyewe nimeshasahau. Lakini hapa imetolewa kwenye kutuma, imetolewa kwenye testi, na kosa limezibwa mdomo. Mtu hawezi kusahau mara tatu kwa mpangilio mzuri namna hii." Watu waliokuwa wanaigusa Wito walikuwa wawili tu, na mmoja wao wakati ule alikuwa Mbwera anamnywesha bibi yake uji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeisema maisha yangu yote kama mtu anavyosema shikamoo. Siku ile ndiyo niliisikia.

Twalha aliingia mchana na mihogo ya kukaanga mkononi. "Wenyewe!" Zuhra akageuza laptopu imtazame yeye.

"Moja sawasawa na mbili," akamwambia. "Na imepita."

Twalha aliiweka ile mihogo mezani polepole. Hakujaribu kukana, hilo nampa. "Zuhra, wageni walikuwa wanarudi. Lile duara lilikuwa linatuaibisha. Nikaona kiwake kwanza, ujumbe utafika tu, si unafika siku zote? Ni kama mtu kusema nimefika akiwa njiani. Nani anaumia? Nilipanga kuirudisha."

"Na testi?"

"Zilikuwa zinakataa."

"Kwa hiyo ukaziziba."

"Zuhra, wallahi, sikujua kwamba bibi..."

"Hukujua bibi atakufa. Sawa. Hata mimi sikujua." Alikuwa hajapandisha sauti. "Lakini matangani ulijua. Niliposema nimeona kijani, wewe peke yako katika watu wote wale ulijua kijani kile kimetoka wapi. Ami akakuuliza. Ulikuwa na kahawa ya msiba wa bibi yangu mkononi."

Twalha akainamisha kichwa. "Ningesema nini mbele za watu? Shirika lilikuwa halijaamua. Ningesema pale, tungepoteza kila kitu. Nilijua wewe utaelewa."

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwita majina ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua, nikamrushia stepla, ikampata begani. Mihogo yake nikaitupia kuku wa jirani. Alitoka bila kugeuka. Zuhra alibaki amekaa, akasema neno moja tu ambalo mpaka leo nikilikumbuka namchukia yule kijana upya: "Ningemsamehe kama angeniambia nikiwa bado nina njia ya kwenda."

Twalha hakwenda Mbwera kusema kweli. Nilimngoja aende, kwa sababu mimi pia ni mjinga. Nasikia yuko Dar, amepata kazi.

Zuhra aliirudisha Wito mwenyewe. Kwanza alirudisha *await* kwenye testi peke yake, akaiendesha, ikawaka nyekundu. Sijawahi kumwona mtu akiitazama nyekundu kwa shukrani namna ile. Kisha akatengeneza kutuma, akapajaza pale palipokuwa patupu, ili kosa likija liseme jina lake. Testi zikapita, na kila moja aliipima kwa kuipa uongo kwanza, aone kama itaukataa.

Likabaki jambo moja. Ujumbe wote uliotumwa mnara ukiwa umezimika ulikuwa haujapotea. Ulikuwa umelala kwenye simu za waliotuma, umeandikwa *Umesikika* bila kusikiwa na mtu. Wito mpya ingeuamsha wote na kuupeleka.

"Wako ufute," nikamwambia. "Wa nini sasa? Unajichoma mwenyewe."

"Mimi nimewaambia watu kwamba kinachotumwa kitafika au watajulishwa. Uende na huo."

Asubuhi ile mnara wa Mbwera ulikuwa hewani. Mtoro alikuwa bandarini, akatuachia simu yake wazi tusikie kama ujumbe unaingia. Tukasikia kelele za watu na injini, kisha Bi Mwanabibi akiita, "Jamani, njooni, simu yangu imepatwa na nini?" Akaanza kusoma. Wa kwanza ulikuwa wa Yassin wa Umwe kwa wakwe zake, kwamba amepata dharura na mbuzi asichinjwe. Watu wakaangua kicheko, maana mbuzi yule alikwisha liwa na mfupa wake umesahauliwa. Bi Mwanabibi akabonyeza. Ukaja mwingine, wa mtu anayeomba atumiwe mkeka. Akabonyeza.

Kisha akanyamaza. Tukasikia Mtoro akiuliza kuna nini. Bi Mwanabibi akasoma, na sauti yake haikuwa ya kuuza maandazi tena.

"Ami, nakuja na maji ya jioni. Msimwoshe bibi mpaka nifike. Zuhra." "Tarehe imeandikwa hapa. Ni siku ile ile. Asubuhi."

Injini ya boti iliyokuwa inaunguruma mtu akaizima.

"Soma tena," sauti ya mwanamume ikasema. Ilikuwa ya Ami Shaabani.

Bi Mwanabibi akasoma tena.

Halafu Ami Shaabani akasema, "Bonyeza."

Kwenye meza yetu hapa Kibiti duara likaacha kuzunguka, kijani kikawaka. Zuhra alikitazama. Nilitegemea alie, au amshukuru Mungu, au hata amtukane mtu. Aliniomba tu nimshushie ule mfuko tuliorudi nao kutoka Mbwera, uliokuwa rafu ya juu, karibu na madaftari. Akaufungua, akanusa karafuu maiti, bado ilikuwa na harufu yake kali. Akaufunga fundo, akanirudishia, akaniambia niuweke pale pale.